Marie Curie na Elementi Iliyopewa Jina la Nchi Isiyokuwepo

Mnamo Julai 1898, wanasayansi wawili wa jijini Paris, mume na mke, walitangaza kwamba ndani ya madini ya uraniamu mna elementi ngeni ambayo haikuwa imepata kujulikana. Kwa desturi ya wanasayansi, mvumbuzi ndiye mwenye haki ya kutoa jina. Wawili hao waliiita poloniamu, kutokana na Polonia, jina la Kilatini la Polandi, nchi alimozaliwa mke. Jambo linalosahaulika mara nyingi ni kwamba katika ramani za mwaka huo hapakuwa na nchi iitwayo Polandi. Tangu 1795 ilikuwa imegawanywa na kumezwa na madola matatu: Urusi, Prussia na Austria. Kwa hiyo jina hilo halikuwa pambo la kitaaluma tu. Lilikuwa dai la kisiasa lililoandikwa katika jedwali la kemia, mahali ambapo hakuna askari wala mkaguzi wa Zari ambaye angeweza kulifuta.

Mke huyo ndiye Marie Curie. Maisha yake yamesimuliwa sana, na aghalabu husimuliwa kama hadithi ya mwanamke mwenye bidii aliyeshinda tuzo mbili za Nobel. Hilo ni kweli, lakini si kweli yote. Kwa mwanafunzi wa lugha, na hasa mwanafunzi wa Kiswahili, maisha hayo yana pande mbili nyingine zinazostahili kuangaliwa. Upande wa kwanza ni lugha iliyopigwa marufuku ambamo alilelewa. Upande wa pili ni udongo wa Katanga, uliochimbwa na watu waliokuwa wakielewana kwa Kiswahili.

Maria Salomea Skłodowska alizaliwa Warsaw tarehe 7 Novemba 1867, akiwa kitinda mimba katika familia ya watoto watano. Babake, Władysław, alifundisha hisabati na fizikia. Mamake, Bronisława, alikuwa mkuu wa shule ya wasichana. Warsaw ilikuwa chini ya Urusi, na baada ya maasi ya Wapolandi ya 1863 kuzimwa, serikali ya Zari iliazimia kuigeuza nchi hiyo iwe ya Kirusi kwa kila hali. Masomo yalifundishwa kwa Kirusi. Kipolandi kikawa lugha ya nyumbani na ya mnong'ono. Babake Maria alipoteza cheo chake shuleni kwa sababu wakubwa wake Warusi hawakuridhika na msimamo wake. Familia ikalazimika kuwapangisha wanafunzi nyumbani ili ipate riziki, na kwa njia hiyo homa ya taifasi ikaingia humo. Dada mkubwa, Zofia, alifariki 1876. Miaka miwili baadaye, 1878, mama naye alifariki kwa kifua kikuu. Maria alikuwa na umri wa miaka 10.

Katika shule ya binafsi aliyosoma utotoni, walimu walikuwa na ratiba mbili. Iliyobandikwa ukutani ilikuwa ya kumridhisha mkaguzi. Iliyofuatwa ilikuwa na historia ya Polandi, tena kwa Kipolandi. Kengele ilipolia kwa namna waliyoagana, vitabu vilitoweka, na mkaguzi aliwakuta wasichana wakishona. Kisha mmoja wao huitwa kusimama na kuulizwa maswali kwa Kirusi kuhusu nasaba ya wafalme wa Urusi. Mara nyingi aliyeitwa ni Maria, kwa kuwa Kirusi chake kilikuwa safi kuliko cha wenzake. Alijibu bila kukosea, na mkaguzi alipokwisha kwenda zake, mtoto huyo aliangua kilio. Msomaji aliyepitia shule ambamo mtoto aliyenaswa akizungumza lugha ya mama alivishwa kibao shingoni hatahitaji ufafanuzi wa kilio hicho.

Alihitimu shule ya sekondari 1883 akiwa na medali ya dhahabu. Hata hivyo, Chuo Kikuu cha Warsaw hakikuwapokea wanawake. Yeye na dadake Bronia walijiunga na kile kilichoitwa Chuo Kikuu Kirukacho, mkusanyiko wa siri wa walimu na wanafunzi ambao walihama nyumba kwa nyumba ili polisi wasiwatambue. Hatimaye madada hao wawili waliwekeana ahadi. Bronia angetangulia Paris kusomea udaktari, na Maria angefanya kazi ya kuwafundisha watoto majumbani mwa matajiri ili amlipie karo. Bronia akishahitimu, zamu ingebadilika.

Kuanzia 1886 Maria alikaa miaka mitatu na zaidi katika kijiji cha Szczuki, kwa familia ya Żorawski. Saa za kazi alimfundisha binti wa mwajiri wake. Baada ya kazi, kwa msaada wa binti huyohuyo, aliwakusanya watoto wa wakulima na kuwafundisha kusoma na kuandika Kipolandi. Lilikuwa kosa la jinai ambalo lingeweza kuwapeleka wote gerezani au Siberia. Watunzi wa wasifu wake hulipitia tukio hili haraka wakikimbilia maabara. Ni haraka isiyofaa, kwa maana hapo ndipo tunapomwona kwa mara ya kwanza mtu ambaye maarifa kwake ni kitu cha kugawa, hata pale ambapo kugawa kuna gharama. Aidha, ni huko Szczuki alikopendana na Kazimierz, mwana mkubwa wa nyumba hiyo, ambaye baadaye alikuja kuwa mwanahisabati mashuhuri. Wazazi wa kijana hawakukubali mwana wao aoe mwalimu maskini aliyeajiriwa nao. Maria aliendelea kufanya kazi katika nyumba hiyo, kwani ada ya Bronia haikuweza kungoja jeraha la moyo lipone.

Alifika Paris Novemba 1891, akajiandikisha Sorbonne kwa jina la Marie. Aliishi katika chumba cha darini, chenye baridi kali, na chakula chake kilikuwa cha kubahatisha. Mwaka 1893 aliongoza katika mtihani wa shahada ya fizikia, na 1894 akawa wa pili katika hisabati. Kati ya mitihani hiyo alipata msaada wa rubo 600 uliotolewa kwa Wapolandi waliosoma ng'ambo. Baada ya kuanza kupata kipato alizirudisha fedha hizo zote, ingawa hakuna aliyemdai, ili zimfae mwanafunzi mwingine.

Nia yake ilikuwa kurudi nyumbani. Mwaka 1894 alitafuta nafasi katika chuo kikuu cha Kraków, akakataliwa kwa kuwa ni mwanamke. Laiti angekubaliwa, huenda Ufaransa isingekuwa na Marie Curie. Alirejea Paris kwa Pierre Curie, mwanafizikia mpole aliyekuwa amemposa, wakafunga ndoa Julai 1895.

Mwaka uliofuata Henri Becquerel aligundua kwamba chumvi za uraniamu hutoa miale isiyoonekana hata bila kuangaziwa na jua. Wanasayansi wengi hawakuvutiwa. Marie, akiwa na mtoto mchanga, Irène, aliyezaliwa Septemba 1897, aliichagua miale hiyo iwe mada ya tasnifu yake ya udaktari. Badala ya kutegemea bamba za picha kama Becquerel, alitumia kipimo cha umeme ambacho Pierre na nduguye Jacques walikuwa wamekibuni. Miale hiyo huifanya hewa ipitishe umeme kidogo sana. Ukiweza kuupima umeme huo, umeipima nguvu ya miale. Alipima sampuli moja baada ya nyingine: za unga na za mabonge, kavu na mbichi, baridi na moto. Nguvu ilitegemea jambo moja tu, kiasi cha uraniamu kilichomo. Kutokana na hilo alifikia wazo ambalo pengine ndilo kubwa kuliko yote aliyowahi kuwaza: kwamba miale hiyo haitokani na jinsi atomu zinavyoungana, bali inatoka ndani ya atomu yenyewe. Wakati huo wasomi wengi waliamini kuwa atomu haina ndani.

Kisha akapima pichblendi, madini meusi mazito yanayotolewa uraniamu, na kukuta nguvu iliyozidi mara kadhaa ile ya uraniamu tupu. Kwa mantiki yake, lazima mlikuwa na kitu kingine. Pierre aliacha utafiti wake akajiunga naye. Julai 1898 walitangaza poloniamu, na tarehe 26 Desemba mwaka huohuo, pamoja na mwenzao Gustave Bémont, wakatangaza radiamu.

Makala ya Julai ndiyo pia iliyoleta istilahi mpya ya kueleza tabia hiyo, waliyoiunda kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya mwale. Kiswahili nacho, kilipohitaji istilahi hiyo, kilichota katika nuru, kikapata nururifu na unururifu. Ni uundaji mzuri kuliko ukopaji mtupu. Tena ni heri tumezoea kusema radiamu, maana wale wanaopendelea kukata mkia wa majina ya elementi, wakapata urani na poloni, wakifika hapa hujikuta wameandika radi, na msomaji hutazama mawingu.

Kutangaza ni jambo moja. Kuthibitisha ni jingine. Wanakemia walitaka waione radiamu, waipime uzito. Tatizo ni kwamba katika kila tani tatu hivi za uraniamu iliyomo katika madini hamna zaidi ya gramu moja ya radiamu. Wakina Curie hawakuwa na fedha za kununua pichblendi, hivyo walipewa makapi yake kutoka mgodi wa Joachimsthal, uliokuwa Austria na sasa ni Jáchymov katika Jamhuri ya Cheki. Makapi yalifika kwa magunia, yakiwa yamechanganyika na majani ya misonobari. Kazi ilifanyiwa katika banda lililokuwa likivuja, karibu na shule ya fizikia na kemia alikofundisha Pierre. Marie alichemsha makapi hayo kwa asidi na magadi ndani ya masufuria makubwa, akiyakoroga kwa fimbo ya chuma iliyokaribia kimo chake, kutwa nzima. Alichuja, akagandisha fuwele, akaziyeyusha na kuzigandisha tena, maelfu ya mara, kila mara akiisogeza radiamu karibu kidogo. Mwaka 1902 alikuwa na desigramu moja ya kloridi ya radiamu, kiasi kinachoweza kukaa kwenye ukucha. Usiku ilitoa mwanga wa samawati ndani ya banda.

Mwanga huo ndio uliomla taratibu. Vidole vyake vilibabuka na kuwa vigumu. Radiamu hutoa gesi nururifu, radoni, na wawili hao waliivuta kila siku bila kujua. Kemia ya leo inajaribu kuziba mlango uliokuwa wazi katika banda lile. Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 2025 walipewa Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi kwa miundo ya metali na ogania, yaani fuwele zenye vyumba vidogo mno ambamo atomu za metali hushikanishwa na molekuli za kaboni kama boriti na fito katika nyumba. Miongoni mwa mengi ambayo watafiti wameijaribu miundo hiyo kwayo ni kunasa iodini na kriptoni nururifu kutoka katika fueli ya nyuklia iliyokwisha kutumika. Marie alitumia miaka minne kuitenga chembe moja na tani za udongo. Wazo la kitu kinachotenga chenyewe lingemfurahisha.

Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya 1903 nusura impite. Pendekezo la wanachuo wa Ufaransa liliwataja Becquerel na Pierre tu. Mwanahisabati wa Uswidi, Gösta Mittag-Leffler, alimdokezea Pierre, naye Pierre akaandika kutetea nafasi ya mkewe, na jina likaongezwa. Tarehe 19 Aprili 1906 Pierre aliteleza barabarani siku ya mvua, akakanyagwa na gari zito la farasi, akafa papo hapo. Marie alibaki na mabinti wawili, Irène wa miaka 8 na Ève wa mwaka mmoja na miezi. Alikataa malipo ya uzeni aliyotaka kupewa na serikali, akachukua masomo ya mumewe Sorbonne. Hapakuwa na mwanamke aliyewahi kufundisha hapo kabla yake.

Mwaka 1911 ulimpiga pande zote. Januari, Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kilimnyima kiti kwa tofauti ya kura chache mno. Novemba, magazeti yalifichua uhusiano wake na mwanafizikia Paul Langevin, ambaye alikuwa na mke. Marie alikuwa mjane, lakini aliyeandamwa ni yeye. Umati ulizingira nyumba yake, na magazeti yaliyokuwa yakimwita fahari ya Ufaransa yakagundua ghafla kuwa ni mgeni. Wakati huohuo alitunukiwa Nobel ya Kemia, peke yake safari hii. Alishauriwa asiende Stockholm. Alikwenda. Katika hotuba yake alieleza bayana ni kazi ipi iliyokuwa yake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulisisitiza Pierre alipokuwa hai.

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia aliunda magari yenye mashine za eksirei, akajifunza kuendesha, na akaenda nayo hadi karibu na uwanja wa mapigano pamoja na Irène, aliyekuwa bado kijana sana. Inakadiriwa kwamba majeruhi zaidi ya milioni moja walipigwa picha kwa mitambo hiyo na vyumba alivyoanzisha. Vita vilipokwisha, 1918, Polandi ilirudi kwenye ramani. Poloniamu ilikuwa imeitangulia kwa miaka 20.

Hapa ndipo habari ya Katanga inapoingia. Akina Curie hawakuchukua hataza ya njia yao ya kutenga radiamu. Waliichapisha wazi, na viwanda vikaitumia. Radiamu ilitumika kutibu saratani, na pia kupakwa kwenye nyuso za saa ili zing'ae gizani, kazi iliyowaua wasichana wa viwandani huko Marekani waliokuwa wakinyoosha ncha za brashi kwa midomo yao. Bei ikapaa. Kufikia 1921 gramu moja iligharimu dola 100,000, na mvumbuzi mwenyewe hakuweza kuinunua. Wanawake wa Marekani walichanga fedha hizo, na Mei mwaka huo Rais Harding akamkabidhi gramu hiyo Washington. Usiku wa kuamkia sherehe Marie alidai hati ibadilishwe ili zawadi iwe mali ya maabara, si yake, asije akafa na watoto wakairithi.

Wamarekani walitoa radiamu yao katika mawe hafifu ya Colorado. Hata hivyo, huko Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo iliyotawaliwa na Ubelgiji, madini ya uraniamu yalikuwa yamegunduliwa 1915, na baadhi yake yalikuwa na oksidi ya uraniamu ya hadi asilimia 65. Kampuni ya Union Minière ilianza kuyatoa radiamu katika kiwanda cha Olen, Ubelgiji, mnamo 1922. Bei ikaanguka, viwanda vya Marekani vikafungwa, na Ubelgiji ikalishika soko la dunia. Waliochimba ni Waafrika walioletwa kutoka Kasai, Ruanda-Urundi, Rhodesia ya Kaskazini na kwingineko. Wasio na lugha moja ya mama, na ambao kambi za migodi ziliwafanya wasemaji wa Kiswahili. Kiswahili cha Lubumbashi, ambacho wasomi wetu hukichambua kwa furaha katika somo la lahaja, kilikomaa katika kambi hizo.

Mwaka 1929 Marie alirudi Marekani kuchangisha gramu ya pili, si kwa ajili ya Paris bali Warsaw, kwa taasisi ya radiamu iliyokuwa ikijengwa huko. Rais Hoover alimkabidhi hundi ya dola 50,000, nusu ya bei ya awali, na radiamu ikanunuliwa Ubelgiji. Taasisi ilifunguliwa 1932, chini ya uongozi wa Bronia. Hivyo basi gramu iliyowatibu Wapolandi wa kwanza humo ilitokana na jasho la watu wa Katanga, ambao katika miaka hiyo hawakuwa na nchi yao wenyewe, kama vile Maria alivyokuwa hana utotoni. Wasifu wa mvumbuzi huyu, kwa lugha karibu zote, hausemi neno juu yao. Uraniamu ya Shinkolobwe ndiyo baadaye iliyotumika kwa wingi kutengeneza bomu lililoangushwa Hiroshima 1945, na hilo angalau hutajwa. Ile gramu haitajwi.

Si haki kumfanya Marie mshitakiwa wa hayo. Hakumiliki mgodi, na hataza aliyoikataa ingemtajirisha. Lipo, hata hivyo, jambo moja ambalo wampendao hulificha. Alichelewa kukiri kwamba radiamu inaua. Wafanyakazi wa maabara walipoanza kuugua na kufa katika miaka ya 1920, alihimiza hewa safi na kinga, lakini moyo wake haukukubali kwamba kitu alichokilea kwa mikono yake ndicho kilichowaua. Yeye mwenyewe alipasuliwa macho mara kadhaa, na alijitahidi kuuficha upofu uliokuwa ukimnyemelea. Madaftari yake ya miaka hiyo yamehifadhiwa Paris katika masanduku ya risasi. Radiamu hupungua nusu baada ya miaka 1,600, kwa hiyo atakayetaka kuyasoma itambidi avae kinga kwa vizazi vingi vijavyo.

Mwanzoni mwa 1934 Irène na mumewe, Frédéric Joliot, waligundua namna ya kuifanya elementi ya kawaida iwe nururifu, na walimwonyesha mama. Ugunduzi huo ulifungua njia ya kupata vyanzo vya miale bila radiamu. Kobalti nururifu, kwa mfano, ndiyo iliyotumika kwa miaka mingi katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, na mgonjwa wa saratani aliyetoka Kibera ng'ambo ya barabara, au aliyepanda matatu pale Kawangware 56 asubuhi na mapema ili awahi foleni, alitibiwa kwa kitu ambacho nasaba yake inarudi hadi kwenye banda la Paris. Wenyewe wawili walipata Nobel 1935. Marie hakuiona. Alifariki tarehe 4 Julai 1934 huko Sancellemoz, katika milima ya Ufaransa, kwa ugonjwa wa damu ambao uboho huacha kuumba chembe mpya.

Alizikwa Sceaux, juu ya jeneza la Pierre. Nduguye Józef na dadake Bronia walikuja kutoka Warsaw, na kila mmoja alitupa kaburini konzi ya udongo wa Polandi. Mwaka 1995 Ufaransa iliyahamisha mabaki yao hadi Panthéon, na Marie akawa mwanamke wa kwanza kuzikwa humo kwa sifa zake mwenyewe.